Baiskeli isiyo na pedali: miezi nane, watoto wawili, mbwa mmoja na paka mwenye kiburi

Nianze na usukani maana ndo ulioliwa. Raba za kushikia zilikuwa mbili, rangi ya chungwa, laini, zina vinundu vidogo vidogo ili mkono wa mtoto usiteleze, na miezi miwili haijaisha ile ya kushoto ilikuwa imebaki nusu. Sio kwamba ilichakaa jamani, ililiwa. Tuna mbwa mdogo anaitwa Askari, jina tulimpa siku ya kwanza tukiwa bado na matumaini, na Askari akaona hii baiskeli imeletwa kwa ajili yake. Kwa hiyo wewe unayetaka kujua kama hizi baiskeli za watoto zisizo na pedali zinafaa au ni kupoteza hela nitakwambia yote, ila ujue kabisa kwamba kwangu zimejaribiwa na viumbe wa aina zote, na wengine wana miguu minne.

Kwa asiyeijua ni hivi. Fremu ya chuma, tairi mbili za inchi 12, kiti, usukani, basi. Hakuna pedali, hakuna cheni, hakuna breki. Mtoto anakaa, miguu inagusa chini, anatembea huku amekalia, akizoea anaanza kusukuma kwa mguu mmoja mmoja kama anakimbia, na mwisho ananyanyua miguu yote miwili inakwenda yenyewe. Uzito kilo 3 na kitu, yaani mtoto akichoka anaibeba mwenyewe, au anakuachia wewe uibebe, ambayo ndo hutokea siku nyingi. Boksi limeandikwa miaka 2 mpaka 5. Siku tunaishusha shemeji yangu alikuwepo, akaizunguka mara mbili, akainama akachungulia chini, akauliza, "Shemeji, hii si imekuja pungufu? Pedali ziko wapi?" Nikamwambia ndo ilivyo. Akacheka mpaka akakaa chini. Eti tumeuziwa nusu kwa bei ya nzima. Na kwa ile bei kweli hata mimi nilicheka, kile kicheko cha mtu ambaye ameshalipa na risiti kaikunja.

Ila nilikuwa na sababu zangu. Huyu mkubwa (nitamuita Mkubwa na mdogo wake Kadogo, ndo tunavyowaita hata nyumbani) alikuwa na miaka 4 na tayari tulishapita kwenye baiskeli ya kawaida yenye vile vigurudumu viwili vya pembeni. Aliiendesha karibu mwaka mzima, mbio kweli kweli, kona anakata, tukajua huyu kashafuzu. Siku baba yake alivyovitoa vile vigurudumu ikawa kama mtoto hajawahi kuona baiskeli maishani. Baba anakimbia nyuma kainama kashika kiti, mtoto analia, baiskeli inalala kulia mtoto anapeleka usukani kushoto, wanaanguka wote wawili, wanaamka, wanaanza upya. Jioni nne mfululizo. Ya tano mgongo wa baba ukagoma, na Mkubwa akatangaza mezani kwamba baiskeli ni ya watu wabaya.

Nilikuja kuelewa baadaye shida ilikuwa nini. Baiskeli ya matairi mawili haisimami kwa sababu umeing'ang'ania iwe wima, inasimama kwa sababu kila ikitaka kulala upande fulani wewe unapeleka usukani kidogo upande huohuo, na matairi yanarudi chini yako. Mtu mzima anafanya hivyo muda wote na wala hajui kama anafanya. Sasa vile vigurudumu vya pembeni vinamzuia mtoto asilale hata kidogo, kwa hiyo hilo moja ambalo ndo lenyewe halijifunzi, anajifunza kuzungusha pedali tu, na kuzungusha pedali ndo sehemu rahisi kuliko zote. Tena anazoea kukata kona mwili ukivutwa nje kama yuko kwenye gari. Mwaka mzima tulikuwa tunamfundisha gari.

Hii isiyo na pedali imegeuza mpangilio, balansi kwanza, pedali utakuja kuongeza. Na sio ujanja mpya wa kuwachuna wazazi kama shemeji anavyodai, baiskeli yenyewe ilianza hivihivi. Mjerumani mmoja Karl von Drais aliitoa ya kwake Mannheim mwaka 1817, ya mbao, magurudumu mawili yamefuatana, usukani mbele, na mtu mzima na koti lake anasukuma kwa miguu chini. Pedali zilikuja kufungwa kwenye gurudumu la mbele huko Ufaransa miaka ya 1860, yaani zaidi ya miaka 40 kabla ya pedali watu wazima walishapanda hiki kitu ambacho shemeji yangu anakiita nusu. Nilimwambia hivyo. Akajibu na huyo Mjerumani naye aliuziwa pungufu.

Haya, saizi. Hapa sikilizeni maana hapa nilikosea. Miaka iliyoandikwa kwenye boksi usiiamini, kinachopanda baiskeli ni miguu sio miaka. Mtoto avae viatu, asimame mgongo ukutani, chukua kitabu chembamba kiweke katikati ya miguu ukipandishe mpaka kimguse, halafu pima kutoka chini mpaka mgongo wa kitabu. Kiti kikiwa kimeshushwa mwisho kabisa kinatakiwa kiwe pungufu ya hiyo namba kwa sentimita 2 au 3, ili akikaa nyayo zote zitulie chini na magoti yajikunje kidogo, maana bila kukunja goti hana nguvu ya kusukuma. Ya kwetu kiti kikishuka mwisho ni sentimita 34. Mkubwa hakuwa na shida, tena tulikipandisha. Kadogo alikuwa ametimiza miaka 2 na wiki moja, boksi linamruhusu, lakini mguu wake ulikuwa 33 na nusu, akikalia anabaki na vidole tu kama mtu anayechungulia dirishani. Akalia siku hiyo. Akalia na siku zilizofuata. Tulivyoona hivyo tukamnunulia kengele ya baiskeli, kengele peke yake, akawa anaishika mkononi anamkimbiza kaka yake huku anaipiga, na nyumba nzima tukaishi ndani ya hiyo kengele miezi na miezi. Kwa hiyo ukinunua kwa ajili ya mtoto mdogo pima kwanza, la sivyo utanunua na kengele.

Wiki mbili za mwanzo hakuna cha maana kilichotokea na nawaambia mapema ili msije mkairudisha dukani. Mkubwa alikuwa hata hakai, amesimama katikati ya fremu anaiburuza kama anapeleka mbuzi. Kwake ilikuwa ileile baiskeli ya watu wabaya imekuja na nguo nyingine. Baba yake akaanza kunipa ile sura ya kwamba alisema. Mi nikasema mwacheni, na hapa ndo kuna kazi ngumu kwa mzazi, usimshike. Ukishika kiti au ukishika usukani unamnyang'anya ile hisia ya kulala kidogo na kujirudisha, ambayo ndo umelipia. Nilikuwa nakaa kwenye ngazi na beseni la nguo za kukunja, macho kwenye nguo, masikio kwake.

Aliyemfundisha sasa sio mimi wala baba yake. Askari aliletwa wiki ya tatu, ana miezi mitatu hivi, mpira wa manyoya wenye meno, na ugonjwa wake ulikuwa visigino. Chochote kinachotembea anakikimbilia nyuma anang'ata soksi. Kuna kamteremko mbele ya nyumba, kwa macho hukaoni ila ukiweka mpira chini unaondoka wenyewe, na jioni moja Mkubwa alikuwa anasukumasukuma pale, kakaa kitini lakini miguu haithubutu kuachia ardhi, Askari akatokea nyuma ya ndoo akaidaka soksi ya mguu wa kulia. Mtoto akapiga yowe akanyanyua miguu yote miwili juu juu kabisa mpaka magoti yakafika kifuani, soksi ikabaki kwa mbwa, na baiskeli ikaenda. Ikaenda. Usukani unacheza kidogo kushoto, kidogo kulia, miguu bado iko hewani kwa woga wa mbwa, na yowe likabadilika katikati ya safari likawa kicheko, mpaka akafika kwenye ua wa jirani akashusha miguu akasimama. Mita kumi, labda kumi na mbili. Akageuka akapiga kelele, "Mama! Askari amenitupa!"

Hakujua kama ameendesha. Alishuka pale mara ishirini jioni ileile, mguu mmoja una soksi mwingine hauna, na kila akianza kuchoka alikuwa anamuita mbwa.

Kwa hilo peke yake nimeshawapa nyota nne. Tuje kwenye zingine sasa.

Tairi. Za hii ni sponji ngumu, hazijazwi upepo. Raha yake unaijua, hakuna pancha, hakuna pampu, hakuna kukaa kwa fundi unasubiri kiraka kikauke. Karaha yake ni kwamba kwenye njia ya kokoto unaona kabisa mashavu ya mtoto yanavyotikisika, na kwenye sakafu yenye maji zinateleza kama kipande cha sabuni, tulianguka mara mbili kwenye baraza mpaka nikapiga marufuku baraza. Na zina kasoro nyingine ambayo muuzaji hawezi kukwambia kwa sababu sidhani kama anaijua. Zinalika.

Asubuhi moja nakuta tairi la nyuma lina pengo, saizi ya kidole gumba, safi kama limekatwa na kijiko. Kipande hakipo. Nimetafuta chini ya kochi, nyuma ya mlango, hakipo, na Askari amekaa pembeni ananiangalia kwa ule uso wa mtakatifu. Tukaenda kwa daktari wa mifugo. Dokta akamfungua mdomo akanionyesha, akasema watoto wa mbwa wana meno 28 ya utoto, yanang'oka kuanzia miezi mitatu minne mpaka sita saba hivi, yanakuja ya ukubwa 42, na kipindi chote hicho fizi zinamsumbua kwa hiyo kitu chochote cha raba au sponji kwake ni dawa. Utundu haukumshangaza, kilichomtia wasiwasi ni kile kipande kwenda kuziba utumbo. Akaniambia nimwangalie, akitapika, akigoma kula, akijikamua bila kutoa kitu, nirudi mbio nisisubiri kesho. Basi siku mbili tukawa na kijiti maalumu cha kuchunguzia haja ya mbwa na Mkubwa ndo alikuwa mkaguzi mkuu, hakuna aliyemtuma, kajiteua. Siku ya pili kipande kikatoka kizima na rangi yake. Alikipigia makofi. Alitaka nikigundishe palipotoka.

Na nilipokuwa pale kwenye benchi la dokta ndo nikakumbuka kitu kikanichekesha peke yangu. Aliyeleta tairi la upepo kwenye baiskeli, John Boyd Dunlop, alikuwa daktari wa mifugo! Belfast, na alilitengenezea baiskeli ya matairi matatu ya mwanae mdogo ili isimtikise, akapata hataza mwaka 1888 (kuna Mskoti mwenzake, Robert William Thomson, alishalibuni zaidi ya miaka 40 kabla, ila lilisahaulika kabisa). Yaani mzazi kama mimi, daktari wa wanyama, kaona mwanae anatikiswa na tairi ngumu akatafuta upepo, dunia nzima ikamfuata, halafu mimi nikaenda kutoa hela yangu kurudi kwenye tairi ngumu, na hiyo tairi ngumu ndo imenileta kwa daktari wa wanyama. Mzunguko umekamilika. Nikinunua nyingine nachukua yenye tairi za upepo hata kama uzito unaongezeka, kama njia zenu ni laini na hamna mbwa chukueni sponji mpumzike.

Turudi kwenye usukani. Watu wanaichukulia raba ya kushikia kama pambo, mi mwenyewe nilikuwa hivyo. Askari alivyoitafuna ya kushoto ncha ya bomba la chuma ikatoka nje, tundu tupu, ukingo mkali kama kikombe kilichomegeka. Mtoto akianguka kwenye baiskeli usukani mara nyingi unageuka unamwelekea yeye, na ile ncha ikimwingia tumboni na uzito wake wote juu yake inaweza kumuumiza ndani bila hata kuacha mchubuko wa maana nje. Ndo maana zile raba mwisho wake huwa zina kitako kinene. Kwa hiyo siku niliyoona chuma kiko wazi niliifungia baiskeli stoo, watoto wakalia, nikawaacha walie.

Sasa ndo ukaja ugomvi wangu na waliotuuzia, jina silitaji maana sitaki kesi. Nikawaandikia naomba raba mbili za usukani, saizi ya hii baiskeli. Jibu likaja baada ya siku nne, "Habari dada, raba haziuzwi peke yake, utanunua usukani mzima." Nikauliza usukani mzima ni kiasi gani. Wakanitajia. Nikakaa chini. Nikauliza tena kwa upole, nikatuma na picha, yule dada akaniuliza, "Mtoto ndo anang'ata hivi?" Nikamjibu ni mbwa. Akanitumia imoji za kucheka sita na hakurudi tena mpaka leo. Nyota moja nimewakata hapo, sio kwa sababu ya kucheka, hata mimi ningecheka, ila baiskeli ya mtoto ambayo haina spea ya kitu kinachochakaa kuliko vyote ni baiskeli iliyotengenezwa na mtu asiye na watoto.

Fundi baiskeli ndo aliyeniokoa. Tatizo bomba la usukani wa baiskeli za wakubwa lina unene wa milimita 22 hivi na hili la mtoto ni jembamba zaidi, raba za kawaida zinapwaya. Akachambua kwenye kopo lake akapata za baiskeli ya mtoto iliyokufa, nyeusi, mbaya, zikaingia. Mi kwanza nilijaribu mwenyewe nyumbani kwa maji ya sabuni, ziliingia vizuri kabisa halafu siku mbili nzima zikawa zinazunguka mkononi mwa mtoto kama eksileta ya pikipiki, Mkubwa alifurahi sana, alikuwa anatoa na sauti. Fundi akaniambia dada sabuni inachelewa kukauka, weka spiriti, inateleza ukiwa unaingiza halafu inaruka yenyewe raba inashika. Mafuta usithubutu. Tangu hapo zimekaa, na nje nazipaka ule mchanganyiko mchungu wa kuzuia wanyama kutafuna, ambao Askari aliuonja mara moja akapiga chafya akahamia kwenye kandambili za baba. Amani ikarudi, kwa upande wetu.

Helmeti. Ilikuja kama zawadi ndani ya boksi na nilidhani ni takataka ila sio mbaya, nilinunua na ya pili. Inakaa vizuri ikiwa mbele imeacha vidole viwili tu juu ya nyusi, sio ile ya kuisukuma nyuma kama kofia ya sherehe, mikanda ipite kama V chini ya sikio na chini ya kidevu ipite kidole kimoja. Ile sponji nyeupe ngumu ya ndani kazi yake ni kubonyea badala ya kichwa, na ikishabonyea hairudi, kwa hiyo mtoto akipiga kichwa kwa nguvu badilisha hata kama nje inang'aa. Na awe anaivua kabla hajapanda mti au bembea, mkanda ukinasa mahali mtoto ananing'inia. Hayo tuliyaelewa haraka. Ambalo hatukulipangia ni Sultani.

Sultani ni paka, mkubwa kwa umri kuliko watoto wote na anajua. Baiskeli haikumhusu, Askari hamhusu, sisi pia kwa kweli hatumhusu, lakini helmeti ikigeuzwa chali ni bakuli, ina sponji, ina mikanda ya kuchezea, na imekaa pale kwenye rafu ya viatu ambapo jua la asubuhi linapiga. Nusu ya safari zetu za asubuhi zimekufa mlangoni. "Mama, hatuwezi kwenda." Kwa nini? "Sultani anatumia." Na hawamtoi! Mbwa wanamvuta mkia, mimi wananipanda kichwani, lakini paka akilala kwenye helmeti wanaongea kwa kunong'ona. Nimeshafua vile vitambaa vya ndani mara sijui ngapi, angalau vinatoka, ukinunua hakikisha vinatoka. Suluhisho nililopata ni kumwekea boksi tupu la baiskeli pale kwenye jua. Akalala kwenye boksi wiki moja. Wiki ya pili Askari akala boksi.

Kitu kingine ambacho hakipo kwenye maelezo ya bidhaa ni viatu. Hakuna breki, kwa hiyo breki ni viatu. Mkubwa alikuwa anasimama kwa kuburuza ncha za mbele, anapenda ile sauti na lile vumbi, na jozi moja aliimaliza haraka mpaka kidole kinatoa salamu. Weka bei ya viatu kwenye hesabu ya baiskeli, na mfundishe mapema kusimama kwa nyayo zote, mi nilichelewa kumwambia. Na usimpeleke kwenye mteremko wa maana, miguu ya miaka minne haishindani na mteremko.

Nati zinalegea. Sio kwa kutisha, ila kila wiki mbili napitisha spana, usukani kwanza, kisha ekseli zote mbili. Kinachoniudhi ni kiti. Kinashikwa na kile kibano cha kufunga kwa mkono, na kibano chenyewe hakina nguvu, mtoto akikalia kwa kishindo kinashuka taratibu, leo nusu sentimita, kesho nusu, mpaka unashangaa magoti yamefika masikioni. Nimechora alama kwa kalamu ya wino mzito kwenye nguzo ya kiti ili nione kimeshuka kiasi gani. Hiyo kalamu nayo Kadogo aliipata, fremu sasa ina picha za watu wenye macho mengi.

Mwezi wa tano tangu hii ije tukaitoa stoo ile ya zamani yenye pedali, ya inchi 16, bila vigurudumu. Nilikuwa nimejiandaa, plasta mfukoni, baba kafunga mkanda wa mgongo. Nikamwambia Mkubwa sukuma kama unavyosukumaga, ukiwa unateleza weka miguu kwenye pedali uzungushe. Akasukuma mara tatu, akaweka miguu, akaenda. Basi. Hakuna kilio, hakuna kukimbia nyuma. Alianguka, ndio, ila alianguka kwa sababu hakukumbuka ina breki, alijaribu kusimama kwa viatu akiwa na mwendo. Baba yake alibaki amesimama na mkanda wake kiunoni na hakuna cha kushika. Shemeji alikuwepo siku hiyo na nilimwangalia makusudi. Akasema, "Sawa, lakini pedali si mmeongeza?"

Kwa hiyo ile ya inchi 12 imeshuka kwa mrithi. Juzi tulimpima Kadogo ukutani na kitabu kilekile, sentimita 36 kasoro kidogo, nyayo zinatulia, nikamfungia na kengele yake kwenye usukani, karibu na zile raba mbaya nyeusi. Askari ameshamaliza kuota meno na amekuwa mkubwa kiasi kwamba akilala njiani inabidi umzunguke, hang'ati tena visigino, na hilo ndo tatizo, maana Kadogo anaamini kabisa kwamba baiskeli haiendi mpaka mbwa akutupe. Anakaa juu ya mteremko anapiga kengele, "Askari! Njoo unitupe!" na Askari anafungua jicho moja analifunga.

Hapa ninapoandika niko kwenye ngazi zilezile na beseni lilelile. Kengele imenyamaza ghafla, na hiyo haijawahi kuwa dalili nzuri. Haya, ananiita, kiti kimeshuka tena, ngoja nikachukue spana.